Je, vyombo vya chakula vya kutumika tena ni salama wakati wa janga?

Muulizaji: Ndugu wachangiaji, UVIKO-19 ulipoenea mwaka 2020, wauzaji wengi wa vyakula na vinywaji walikataa vikombe na vyombo vilivyoletwa na wateja, wakarejea vile vya kutupwa. Je, katazo hilo lilikuwa na msingi wa kitaalamu?

Mchangiaji wa kwanza: Hofu ya mwanzoni ilieleweka. Utafiti uliochapishwa Machi 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba virusi viliweza kubaki hai juu ya plastiki hadi saa 72, ilhali juu ya kadibodi havikugundulika hai baada ya saa 24. Wengi waliishia kwenye takwimu hizo, bila kuzingatia kwamba wingi wa virusi hivyo ulikuwa ukipungua kwa kasi saa hadi saa, na kwamba chombo cha kutupwa nacho ni cha plastiki au karatasi, hupitia mikono ya wapakiaji, wasafirishaji na wauzaji, kisha hutiwa chakula bila kuoshwa. Aprili 2021, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, ilieleza kwamba kila mguso wa sehemu yenye virusi kwa kawaida una uwezekano wa chini ya 1 kwa 10,000 wa kuambukiza. Njia kuu ilikuwa hewa tunayovuta.

Mchangiaji wa pili: Niongeze kuhusu sabuni, kwa kuwa ndiyo kiini cha suala hili. Virusi vya korona vimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo kama inavyoondoa mafuta ya chakula kwenye sahani. Kwa hiyo chombo kilichosuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, kikasuuzwa na kukaushwa vizuri, hakina sababu ya kuogopwa. Tusiichukulie hoja hii kuwa ya magonjwa yote, hata hivyo. Norovirusi, vinavyosababisha kuhara na kutapika, havina utando huo, na vitakasa mikono vya spiriti havivimudu ipasavyo. Janga la aina hiyo lingedai uoshaji mkali zaidi.

Mchangiaji wa tatu: Nakubaliana nanyi kuhusu uoshaji, ila mnamsahau mhudumu, ambaye hawezi kujua kama chombo anachokabidhiwa kimeoshwa kweli. Kwa maoni yangu, mashaka yaliyosalia yako hapo kwenye makabidhiano.

Muulizaji: Je, ipo njia ya kuepuka makabidhiano hayo?

Mchangiaji wa tatu: Ipo. Mteja hukifungua chombo mwenyewe na kukiweka juu ya sinia, mhudumu akatia chakula kwa upawa usiogusa ukingo wa chombo, mteja akakifunika mwenyewe, na sinia ikaoshwa kabla ya mteja anayefuata. Vinginevyo, muuzaji amiliki vyombo, avikusanye na kuviosha mahali pamoja, kama migahawa ilivyofanya sikuzote kwa sahani na vijiko vyake. Chombo cha plastiki chenye mikwaruzo mingi kisipokelewe, kwa maana mabaki ya chakula na bakteria hujificha humo hata baada ya kuoshwa.