Naomba ushauri: mtoto wa marehemu dada aitwe Benoni au Benyamini?

Mama mdogo, Mikindani
Habari zenu. Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume wiki tatu zilizopita, naye hakurudi nyumbani. Matanga yamekwisha, mtoto yuko kwangu, mzima, ananyonya chupa vizuri. Shida ni jina. Shemeji amesoma Mwanzo 35, habari za Raheli aliyefariki akijifungua njiani kwenda Efrathi, akasema mtoto ni Benoni, basi. Mimi jina lile lanichoma. Kwetu tulikuwa na shangazi aliyeitwa Tabu, na kila akipatwa na jambo watu walisema jina ndilo limemwita. Lakini mtoto ni wa shemeji, sitaki kumwongezea jeraha. Benoni hasa maana yake nini?

Mwalimu wa shule ya Jumapili, Changamwe
Pole sana dada. Ben ni mwana, oni ni huzuni: mwana wa huzuni yangu. Raheli alilitamka roho ikimtoka. Mumewe Yakobo palepale akamwita mtoto Benyamini, mwana wa mkono wa kuume, upande wa heshima. Na huyu Yakobo alimtumikia Labani, baba yake Raheli, miaka saba, kisha saba mingine, kwa ajili ya Raheli. Nani alimlilia kuliko yeye? Majina ya wanawe wengine karibu yote yalitoka kwa wakeze, Lea na Raheli. Hili la Benyamini alilitoa yeye baba. Mwambie shemeji hivyo, kwa upole.

Baba wa watatu, Likoni
Oni pia huandikwa sawa na neno la nguvu. Katika Mwanzo 49:3 Yakobo analitumia kwa Reubeni, mzaliwa wake wa kwanza. Wapo wanaosoma Benoni kuwa mwana wa nguvu zangu. Mwacheni baba achague.

Mama mdogo, Mikindani
Asante baba. Lakini mtaani nani atamweleza mtoto Kiebrania?

Bibi wa Mji wa Kale
Mwanangu, sisi Waislamu jina hili si geni kwetu, ndugu yake Nabii Yusuf twamwita Bunyamini. Ben ndilo hilo bin tunalolitumia kila siku. Yamini kwa Kiarabu ni mkono wa kuvuli, yaani wa kulia, nasi kwa Kiswahili twala yamini tukiapa. Waebrania wa kale walihesabu pande wakielekea jua linapochomoza, kwa hivyo kuvuli kwao ni kusini pia. Mpeni jina la kuvuli. Uchungu wa mamake ataambiwa akikua, si kila anapoitwa kula.

Kijana wa Kisauni
Mimi ni Benyamini, na natumia mkono wa kushoto. Utotoni nilichapwa kwa kuandikia kushoto, mpaka nyanya akanisomea Waamuzi 20:16: Wabenyamini 700 mashoto, wakirusha jiwe kwa kombeo hawakosi hata unywele. Tangu siku hiyo nalipenda jina langu.

Mama mdogo, Mikindani
Ndugu zangu, jana usiku nilimsomea shemeji maneno yenu. Alinyamaza sana. Kisha akauliza kama ni kweli Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli. Nikamwonyesha mstari wa 20 wa Mwanzo 35. Akasema tutamwekea dada jiwe, na Jumatatu atakwenda kuandikisha cheti cha kuzaliwa: Benyamini. Asubuhi alimbeba mwenyewe, mara ya kwanza tangu mazishi.