Kontena la futi 40 kama nyumba, Utange: uzito wake unatosha au lifungwe chini?

Mkaazi_Utange:
Assalam aleikum wanajukwaa. Nina kontena la futi 40, lile la kimo kirefu cha mita 2.9, linatengenezwa nyumba ya vyumba 2. Kiwanja ni cha kukodi miaka 5 huku Utange, Mombasa. Juu ni mchanga mtupu, ukichimba kama mita 1 unagonga tumbawe. Ubavu mmoja utakatwa mlango wa kioo wa mita 4, katikati. Fundi anataka kulikalisha juu ya matofali ya simiti yenye matundu, matatu matatu kila kona, yamepangwa makavu, kwa hoja kwamba kitu cha tani 4 hakisukumwi na upepo. Je, ni kweli? Kama si kweli, vitako vya zege (misingi midogo ya kubeba nguzo) vingapi na vya ukubwa gani? Na nitalifunga vipi likae imara, lakini mkataba ukiisha niweze kulinyanyua niondoke nalo?

Zege_na_Nondo:
Wa aleikum salaam. Tani 4 inasikika nyingi mpaka uangalie ukubwa wa ukuta. Ubavu wa kontena hilo ni mita za mraba 35. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, una shinikizo la paskali 550 hivi. Zidisha kwa 1.3 kwa sababu upepo unasukuma ubavu mmoja na kuvuta ubavu wa pili, unapata msukumo wa tani 2.6. Wakati huohuo unanyanyua paa kwa tani 1.3 nyingine. Sasa kontena lililokuwa tani 3.9 linalalia matofali kwa tani 2.6 tu, na msuguano wa chuma juu ya simiti ni kama 0.4 ya hapo. Kinacholizuia lisiteleze ni tani 1 dhidi ya msukumo wa tani 2.6.

Kwa hivyo litateleza kabla ya kufikiria kupinduka. Kwa hesabu hiyohiyo linaanza kuteleza upepo ukifika kilomita 76 kwa saa hivi. Likisogea sentimita chache tu, kona inatoka katikati ya tofali, mrundo unalala na kona inaanguka. Matofali makavu yanabeba uzito, lakini hayazuii chochote. Na asikuambie mtu kwamba kwetu hakuna vimbunga: Hidaya ilitua kisiwa cha Mafia, Tanzania, Mei 2024, na Mafia iko pwani hiihii yetu. Hata bila kimbunga, mawimbi ya upepo wa kusi yakija na mvua ya masika yana nguvu.

Ningefanya hivi. Vitako 6, jozi 3: mbili kwenye ncha, moja katikati. Kila kitako mita 0.9 kwa 0.9, unene sentimita 40, sehemu yake ya chini iwe sentimita 70 chini ya ardhi ili juu yake kuwe na mchanga wa sentimita 30 ulioshindiliwa. Juu yake nguzo ya sentimita 30 kwa 30, itokeze sentimita 45 juu ya ardhi. Zege ya kitako na nguzo yake ina kilo 940, mchanga ulio juu unaongeza kama 340. Nikipandisha nguvu za upepo mara 1.5 kwa usalama, kona ya upande unaopigwa inavutwa juu kwa kilo 870 hivi, kwa hivyo kuna nafasi.

Ila kuvutwa juu si shida pekee. Nguzo inasukumwa pembeni pia, na kitako kimoja kikiwa peke yake kwenye mchanga kitainama. Unganisha kila jozi kwa bimu ya ardhini, upana sentimita 25, kina 30, nondo 4 za milimita 12. Hapo vitako viwili vinakuwa kitu kimoja, na hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka ili kuokoa simiti.

Mchanganyiko wa saruji, mchanga na kokoto ni 1 : 1½ : 3. Kwa vyote ni mita za ujazo 2.7 za zege, kwa hivyo mifuko 22 hadi 24 ya saruji ya 42.5, mchanga kama mita za ujazo 1.2 na kokoto mara mbili ya hapo. Nondo za kitako milimita 12 kila sentimita 15 pande zote mbili. Za nguzo 4 za milimita 12 na ringi za milimita 8. Nondo zifunikwe na zege milimita 50 au zaidi. Kwa chumvi ya huku usikubali 25.

Chuma_Kisauni:
Hesabu ya ndugu hapo juu naikubali, ila vitako 6 havitoshi kwa mlango huo. Kuta zenye mikunjo ndizo zinazofanya kontena lijibebe kutoka kona hadi kona. Ukikata mita 4 katikati ya ubavu, umekata mgongo wake. Upande wa mlango ondoa nguzo ya katikati, weka 2, kila moja chini ya mwimo wa mlango. Upande wa pili bakisha 1. Jumla 7, ongeza mifuko 3 au 4. Bimu ya katikati sasa ina ncha tatu, ifungwe kama herufi Y. Na fremu ya bomba la mraba 100 kwa 50, unene milimita 4, ichomelewe kuzunguka uwazi KABLA ya kukata. Wakikata kwanza, paa linashuka milimita kadhaa na kioo cha mlango hakitateleza kamwe.

Jambo ambalo watu hawalioni mpaka kontena limeshashuka: zile kona za chuma cha kusubu zimejitokeza chini kupita boriti ya ubavu, milimita 10 na kitu. Kwa hivyo ukisawazisha nguzo zote kimo kimoja, kona zitakaa na nguzo za katikati zitabaki hewani. Inama uangalie, utaona mwanga unapita. Nafasi hiyo ijazwe na vipande vya chuma bapa, unene tofauti tofauti, mpaka kipande cha mwisho kiingie kwa nyundo ndogo, kisha vichomelewe pamoja. Usijaze kwa mbao: mbao inabonyea, halafu mchwa wanamalizia.

Kufunga. Juu ya kila nguzo ya kona pleti ya milimita 250 kwa 250, unene 12, bolti 4 za M16 (kipenyo milimita 16) zenye mkunjo chini, zizame kwenye zege milimita 300. Tengeneza kiolezo cha plaiwudi chenye matundu 4 ili bolti zisihame wakati wa kumwaga zege. Katikati ya tundu la kona hadi katikati ya tundu la kona ya pili ni mita 11.985 kwa urefu na 2.259 kwa upana. Mshazari lazima usome mita 12.196 pande zote mbili. Mishazari ikitofautiana zaidi ya sentimita 1, rekebisha kabla zege haijafika, maana kontena halitakusamehe.

Kuhusu kuondoka nalo: chomelea kona kwenye pleti, lakini pleti ishikwe kwa nati, si kuchomelewa kwenye kitu kilichozama. Siku ya kuhama unafungua nati 16 tu. Weld ya milimita 6 kwa elektrodi za 7018, pande mbili za nje. Ncha moja ya kontena matundu ya pleti yawe ya mviringo kamili; ncha ya pili yawe marefu kufuata urefu wa kontena, milimita 10 za ziada. Chuma cha mita 12 kikipata tofauti ya joto ya nyuzi 30 kinarefuka zaidi ya milimita 4, na ukikibana pande zote kitapasua vichwa vya nguzo.

Kutu je? Chuma cha kontena kimeundwa kujilinda kwa kutu yake chenyewe, lakini ulinzi huo hautulii penye chumvi ya bahari. Kila palipochomelewa: brashi ya waya, praima ya zinki, epoksi mikono 2. Bolti na nati zote ziwe zimepakwa zinki kwa kuzamishwa kwenye zinki moto, si zile zinazong'aa za dukani.

Bi_Mekatilili_78:
Mumesahau njia ya mikanda. Marekani nyumba za kuhamishika zinafungwa kwa utepe wa chuma na parafujo ndefu za ardhini, bila zege nyingi. Kanuni zao za shirikisho zipo tangu 1976, na za upepo zilikazwa 1994 baada ya kimbunga Andrew cha 1992. Haitakuwa rahisi zaidi kwa mtu wa kiwanja cha kukodi?

Zege_na_Nondo:
Dada, ni njia nzuri penye udongo wake. Mfumo ule unataka kila nanga ishikilie pauni 3,150 kazini, kama kilo 1,430, na ijaribiwe hadi 4,725. Parafujo lazima izame yote mpaka kichwani. Utange inagonga tumbawe kwenye mita 1, inabaki imesimama nusu nje, na fundi anaikata kichwa ili ionekane imezama. Hapo huna nanga. Pia utepe wenyewe una unene chini ya milimita 1. Katika hewa ya Mombasa, mkwaruzo mmoja kwenye zinki unatosha kuuanzishia kutu, tena mahali usipopaona chini ya sakafu.

Cha kuchukua kutoka kwao ni kanuni ya matofali: matundu yaangalie juu, yasilale ubavu, na mrundo ukizidi inchi 36 uwe wa matofali mawili mawili yaliyopishana.

Mkaazi_Utange:
Shukran sana nyote. Mawili yamebaki. Maji ya kisima changu yana ladha ya chumvi. Na lori lenye kreni linakuja Jumamosi, vitako havijachimbwa. Nilikalishe kwa muda juu ya matofali?

Zege_na_Nondo:
Maji hayo usiyatie kwenye zege yenye nondo. Chumvi inakula chuma kutoka ndani, nondo inavimba, nguzo inapasuka kwa urefu. Nunua maji matamu, vitako vyako vinataka lita 600 hivi za kuchanganyia, mbali na za kumwagilia siku 7 za mwanzo. Mchanga wa ufukweni vilevile hapana.

Chuma_Kisauni:
Jumamosi lishushe kando ya kiwanja, chini kabisa, juu ya mbao nene 4 za kulalia zilizowekwa chini ya kona. Likiwa karibu na ardhi upepo hauna pa kuingilia chini yake, na hata likiteleza halina pa kuanguka. Funga milango, usikate ubavu bado. Zege ipate siku 28, au angalau 14 kama huna budi, kisha uite kreni mara ya pili. Gharama ya kreni inauma, lakini kulipandisha kwa jeki hadi sentimita 45 ni kazi ya hatari: kona moja kwa wakati, sentimita 5 kwa hatua, mbao za kukingia zikifuata jeki, na mtu asiingize hata mkono chini.

Na weka mfereji wa paa mapema. Paa lina mita za mraba karibu 30. Mvua ya milimita 50 inamwaga lita 1,480. Zikidondoka kwenye mstari mmoja kando ya nguzo zitachimbua mchanga wote uliouweka juu ya vitako, na ule ndio sehemu ya uzito tuliouhesabu. Baada ya mvua kubwa ya kwanza kaza nati upya na upige pimamaji kwenye kila nguzo.