Kichwa cha muvumenti kinaachwa chini ya ukurasa: LilyPond, MuseScore au Dorico?

solfa_safi: Utunzi wangu wa muziki una muvumenti (sehemu kuu) nne. Ya II na ya III zinaweza kuanzia katikati ya ukurasa. Ya IV lazima ianze ukurasa wake. Tatizo ni kichwa kubaki chini huku muziki umehamia ukurasa unaofuata. Programu ipi ya kuandikia nota inalimudu hili bila kupanga upya kwa mkono kila baa (vipimo vya muziki) zinapoongezeka?

mistari5: LilyPond, ambayo muziki unaandikwa kwa amri za maandishi, mradi kichwa ukiandike mahali pake. Kila muvumenti iwe na `\score` (kifungu cha muziki) yake, na ndani ya `\header` (sehemu ya vichwa) ya hiyo `\score` uweke `piece = "II. Andante"`. Hapo kinafungamana na mstari wa kwanza wa muziki. Wengi hukiandika kwa `\markup` (maandishi huru) nje ya `\score`, halafu wanashangaa kikiachwa nyuma. Kama huna budi kutumia `\markup`, tia `\noPageBreak`, inayozuia mkato wa ukurasa, kati yake na `\score`. Kwa ya IV, ongeza `breakbefore = ##t` kwenye `\header` yake ili ianze ukurasa mpya.

nusu_nota: Hapo kwenye `breakbefore` kuna mtego. Muvumenti ya III ikimalizika na mistari mitatu ukurasani, mistari hiyo itatawanywa hadi chini, kwa kuwa `ragged-last-bottom`, inayoruhusu nafasi tupu chini, inagusa ukurasa wa mwisho wa kitabu au wa `\bookpart` (sehemu ya kitabu) tu. Funga I–III ndani ya `\bookpart` moja na IV ndani ya nyingine. `\bookpart` huanza ukurasa mpya yenyewe, kwa hiyo `breakbefore` ifute.

besi_ya_pili: MuseScore inawezekana, ila ni kazi ya mkono. Kichwa ni fremu ya wima (kisanduku cha maandishi) kabla ya baa ya kwanza. Mkato wa sehemu kwenye baa ya mwisho ya muvumenti iliyotangulia unarudisha hesabu ya baa kwenye 1, lakini haukati ukurasa. Teua baa hiyohiyo, bonyeza Ctrl+Enter kuweka mkato wa ukurasa. Ukiubandika mkato wa ukurasa kwenye fremu yenyewe, kichwa kinabaki na muziki unahama: ugonjwa uleule, safari hii umeuleta wewe. Nakala ya kila ala ikague peke yake.

solfa_safi: Na Dorico?

nusu_nota: Kila muvumenti ni flow (kipande cha muziki kinachojitegemea), na kichwa chake kinaifuata popote iendako. Kwenye Layout Options, ukurasa wa Page Setup, unachagua flow mpya ianze ukurasa mpya au iruhusiwe kwenye ukurasa uliopo. Udhaifu: uamuzi huo ni wa mpangilio (layout) mzima, yaani skoa kuu au nakala ya ala moja, hauwezi kuihusu ya IV peke yake. Ruhusu zote ziendelee ukurasani, kisha weka frame break (mkato unaohamishia muziki ukurasa unaofuata) mwanzoni mwa ya IV. Uzuri wake ni kwamba nakala ya fidla inaweza kuwa na uamuzi tofauti na skoa kuu.

solfa_safi: Basi LilyPond, `\bookpart` mbili. Mpigaji akihitaji nafasi ya kugeuza ukurasa?

mistari5: `page-breaking = #ly:page-turn-breaking` ndani ya `\paper` (mipangilio ya ukurasa), na `\consists Page_turn_engraver` kwenye Staff (mistari ya nota); hapo kurasa hukatwa panapofaa kugeuza. Iwe kwenye nakala za wapigaji. Skoa kuu iache.