MJADALA: Kupima mwili mzima kila mwaka kuwe lazima kwa kila aliyefikisha miaka 40?

Mizani (mtoa hoja)

Wadau, kila aliyefikisha miaka 40 alazimike kupima afya mara moja kwa mwaka, gharama zibebwe na mwajiri au bima. Presha haiumi. Kisukari cha ukubwani hukaa mwilini miaka kabla mwenyewe hajaanza kusikia kiu isiyoisha. Figo nazo ni bubu: miguu inapovimba, mara nyingi sehemu kubwa ya kazi yake imeshapotea. Anayesubiri dalili anasubiri kiharusi.

Japani iliwabana waajiri kwa sheria tangu 1972 wawapime wafanyakazi wao. Kifurushi ninachopendekeza: presha, sukari, mafuta ya damu, figo, ini, altrasaundi ya tumbo na shingo, na PSA, kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya tezi dume, kwa wanaume.

Hesabu za Vidole

Mkuu, presha na sukari nakubali. Kifurushi nakikataa.

Jiulize kwanza ile "kawaida" iliyochapwa pembeni ya majibu ya maabara imetoka wapi. Kwa vipimo vingi, wanachukuliwa watu wasioumwa, wanapimwa, kisha asilimia 2.5 walio juu kabisa na 2.5 walio chini kabisa wanaachwa nje ya mstari. Kwa hiyo mtu mwenye afya yake, katika kila kipimo, ana nafasi ya asilimia 5 ya kuambiwa "si kawaida". Mfanyie vipimo 20 visivyotegemeana: 0.95 ukiizidisha yenyewe mara 20 inabaki takriban 0.36. Watu 64 kati ya 100 wasio na ugonjwa wowote wataondoka na angalau namba moja yenye nyota. Hapo ndipo safari inapoanza: rudia kipimo, piga picha, chomwa sindano ya kuchukua kinyama, subiri majibu huku usingizi umekwisha.

Na hiyo altrasaundi ya shingo uliyoichomeka katikati ya orodha kama kitu kidogo! Korea Kusini ilianzisha mpango wa taifa wa kupima saratani mwaka 1999. Tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni, haikuwamo, lakini vituo vingi viliiongeza kama nyongeza ya bei nafuu. Kufikia 2011 walioambiwa wana saratani ya thairoidi walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Vifo? Palepale. Kilichoongezeka ni watu waliokatwa tezi, wengi wao sasa wanameza vidonge vya homoni maisha yote, wengine kalshamu yao imevurugika, wachache sauti zimeharibika. Vile vivimbe vingi visingewaua kamwe.

Jopo la Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, mwaka 2019 lilikusanya majaribio 17 yenye watu zaidi ya 250,000, likalinganisha walioitwa kupimwa afya kwa jumla na wasioitwa. Idadi ya vifo haikutofautiana.

Mizani

Mengi ya majaribio hayo yalianza kabla ya 2000, kwenye nchi ambako daktari wa kawaida anampima mtu presha hata akienda kwa mafua. Kundi la "wasiopimwa" nalo lilikuwa linapimwa kwa mlango wa nyuma. Huwezi kulitumia hilo kumhukumu mtu ambaye hajawahi kufungwa mkanda wa presha tangu azaliwe.

Hesabu za Vidole

Hiyo hoja ina uzito, naikubali. Lakini inatetea mkanda wa presha. Altrasaundi haimo.

Mkanda wa Mkono

Mnabishana nani apimwe na mara ngapi, wakati kipimo chenyewe cha presha kinaharibiwa kila siku. Mtu anaingia anahema, anakalishwa kwenye stuli isiyo na egemeo, mkono unaning'inia, mkanda juu ya shati, na anayempima anamuuliza maswali huku mashine inajaza upepo. Inatoka 152/94. Kesho yuko kwenye vidonge.

Inavyotakiwa: nusu saa kabla, hakuna kahawa, sigara wala mazoezi. Mtu aende haja ndogo kwanza, kibofu kilichojaa hupandisha presha. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu haijapishana. Mkono ulale mezani, mkanda usawa wa moyo. Mkono ukiwa sentimita 10 chini ya moyo, namba inapanda kwa takriban 7 au 8 bure, kwa uzito wa safu ya damu tu. Kuongea peke yake kunaweza kuongeza 10. Pima mara mbili, pumzika dakika moja katikati, chukua wastani. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha fuata ule wenye namba kubwa.

Saizi ya mkanda ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Mfuko wa upepo ulio ndani yake uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda wa kawaida hufaa mkono wenye mzingo wa takriban sentimita 22 hadi 32. Mtu mnene akifungwa huo huo, namba ya juu inaweza kupaa kwa 5 hadi karibu 20. Hiyo ni presha ya mkanda, si ya mtu.

Na mstari wa kusema presha iko juu, 140/90, ni wa kituoni. Nyumbani mstari ni 135/85: pima asubuhi mara mbili na jioni mara mbili kwa siku 7, tupa siku ya kwanza, zilizobaki tafuta wastani. Wapo ambao presha yao hupanda kwa kuona koti jeupe la daktari tu, na wapo ambao kituoni ni nzuri na nyumbani ni mbaya. Hawa wa pili ndio wa kuogopa.

Zamu ya Usiku

Mimi naona kosa liko kwenye neno "kila mwaka". Muda wa kurudia kipimo hufuata mwendo wa ugonjwa, na kila ugonjwa una mwendo wake.

Saratani ya mlango wa kizazi: kutoka maambukizi ya kirusi cha HPV hadi saratani ni kawaida miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga imara. Ndiyo maana WHO inasema kipimo cha HPV kuanzia miaka 30, kila miaka 5 hadi 10. Kwa mwanamke mwenye VVU ni kuanzia 25, kila miaka 3 hadi 5, kwa sababu kwake mwendo ni wa kasi. Ukisema "miaka 40" umeshamchelewesha huyu na yule.

Homa ya ini B: mtu mzima hupima mara moja. Kama hana maambukizi wala kinga, anachanjwa, kwa kawaida dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita tangu ya kwanza. Utumbo mpana: kipimo cha damu isiyoonekana kwenye choo kila mwaka au miwili, kuanzia 45 au 50 kutegemea mwongozo wa nchi.

Sukari: kaa muda wa saa 8 bila kula, maji ruksa. 7.0 mmol/L kwenda juu ni kisukari, ila kwa asiye na dalili lazima irudiwe siku nyingine kabla ya kumbandika jina. Wengine hupenda HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kwa kuwa haihitaji kufunga. Sawa, lakini mwenye selimundu au aliyepoteza damu nyingi karibuni hupata namba ya chini isiyo ya kweli, kwa sababu chembe zake za damu haziishi muda wa kutosha kubeba sukari.

Halafu kuna hatari ambayo haijaguswa: karatasi safi. Mtu anapata "kila kitu kiko sawa" Januari, Mei anaona damu chooni, anajiambia si nilipima juzi. Mwenye dalili haendi kwenye kifurushi, anakwenda kuchunguzwa dalili hiyo, wiki hiyo hiyo.

Soli ya Kiatu

Na baada ya kupima? Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2002 liliwachukua watu ambao sukari imeanza kupanda bila kufika kisukari. Waliosimamiwa wapunguze asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walioingia kwenye kisukari walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa metformin, dawa ya kisukari, asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5.6 tu. Lakini walikuwa na mtu wa kuwafuatilia kwa jina. Hawakuachiwa kijikaratasi cha "punguza uzito" tu.

Chumvi vilevile. WHO inasema chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imo ile iliyokwisha kutiwa kiwandani. Pakiti huandika sodiamu, si chumvi: zidisha kwa 2.5. Miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi. Hiyo "lazima" yenu ningeipeleka kwa mwenye kiwanda kabla ya mfanyakazi.

Mizani

Nimesoma. Altrasaundi naiondoa. PSA iwe ya mtu na daktari wake baada ya kuelezwa faida na madhara. Presha kila mwaka naibakiza, sukari kila miaka 3 kwa asiye na hatari kubwa. "Lazima" siliondoi: bila hilo wanaokuja ni wale wale wanaojali afya zao tayari.

Hesabu za Vidole

Basi lazima hiyo imfunge anayepima kwanza. Mashine iliyohakikiwa, mikanda ya saizi tatu, majibu kwa maandishi siku hiyo hiyo, na rufaa yenye tarehe kwa mwenye namba mbaya. Mwajiri aandikiwe "amepima", asijue zaidi.

Mizani

Mikanda mitatu na rufaa nakubali. La mwajiri kutojua bado linanisumbua. Dereva wa basi anayetumia insulini, sukari yake inaweza kushuka ghafla yuko barabarani na abiria 50. Huyo naye aandikiwe "amepima" tu?