Tupeane uzoefu wa likizo kazini, Mtwara na Lindi

Ndugu zangu, aliyewahi kuomba likizo aeleze ilivyokuwa: alijibiwa nini, alipewa au alinyimwa.

Mimi nilifiwa na mjomba, Newala. Ndiye aliyenilea na kunisomesha, na kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye ukoo. Usipoonekana msibani kwake utaulizwa wewe ni mtoto wa nani. Nikaomba likizo ya msiba, kazini nikaambiwa mjomba hayumo kwenye wanaohesabiwa. Nikasoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: siku 4 zenye malipo ni kwa mtoto kuumwa au kufariki, au kufiwa na mume au mke, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Mjomba kweli hakutajwa. Inaniuma, maana sheria hii inatuhusu na sisi wa kusini. Nikaomba likizo isiyo na malipo, ambayo mabadiliko ya 2025 yanaruhusu hadi siku 30 mkikubaliana na mwajiri. Nilikubaliwa kwa maandishi, nikazika.

Mbanguaji, Masasi: Pole sana ndugu. Huku kiwanda cha korosho tuliambiwa miaka yote kuwa kibarua wa msimu hana likizo. Mwenzetu akaenda kwa Afisa Kazi, akarudi na kifungu: chini ya miezi sita kazini hupati likizo yenye malipo, lakini wa msimu ametolewa kwenye zuio hilo, anayo haki. Hata anayeitwa na kuachishwa kila mara, akizidisha jumla ya miezi sita kwa mwajiri yuleyule ndani ya mwaka, naye anayo. Tukaandika barua moja, tukasaini wote. Baadhi wamelipwa, wengine tunafuatilia. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa, bila hivyo watasema hawajaiona.

Mama Pacha, Lindi: Mimi niliandikiwa siku 84 za uzazi. Nikarudi na kadi ya kliniki: waliozaliwa ni wawili, kwa hiyo ni siku 100. Wakarekebisha bila ubishi. Baba yao alipata siku zake 3, ila akina baba wakumbuke zinachukuliwa ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Mwalimu, Nachingwea: Shule binafsi tunaambiwa wanafunzi wakifunga, hiyo ndiyo likizo yenu ya mwaka. Sawa, lakini wakati huohuo napangiwa kambi ya kidato cha nne. Siku zangu 28 ziko wapi hapo? Aliyepambana na hili anisaidie.

Mleta mada: Mwalimu, dai kwanza kwa barua. Wakikaa kimya, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya namna hii yana siku 60 tangu mgogoro uanze. Ukifukuzwa kazi ni siku 30 tu. Weka ile ratiba ya kambi yenye jina lako, ni ushahidi. Wengine karibuni, hasa walinzi na wa mahotelini, sijawasikia.