Kitanda cha mninga bila misumari: tendegu, mfumbati na kitakizo

Mwanagenzi wa Tanga
Ndugu mafundi, ninakusudia kuunda kitanda cha futi 5 kwa 6 kwa mbao za mninga, nikiunganisha kwa ulimi (ncha ya ubao iliyochongwa nyembamba) na tundu lake, bila msumari wala bolti. Matendegu, yaani miguu, yana inchi 3 kila upande. Mifumbati (mbao za ubavuni) na vitakizo (mbao za kichwani na miguuni) vina upana wa inchi 6 na unene wa inchi 1 na nusu. Vitanda vya kamba nilivyovikagua huku pwani havina gundi wala kigingi (kijiti cha kufungia ulimi tunduni), na bado ni imara. Je, nami naweza kuviacha, ilhali changu kitakuwa na chaga na godoro? Tena, ndimi mbili zitapitaje ndani ya tendegu moja?

Fundi wa Pangani
Ndugu Mwanagenzi, kitanda cha kamba hakina kigingi kwa sababu kazi hiyo hufanywa na kamba yenyewe. Kikishawambwa, kamba huvuta mifumbati na vitakizo kuelekea katikati, hivyo matendegu hubanwa pande zote mbili na kila ulimi husukumwa ndani ya tundu lake. Ikilegea, hukazwa upya. Chaga hazivuti chochote, zinalalia tu. Kwa hiyo usiache vigingi.

Ulimi uwe theluthi ya unene wa ubao, yaani nusu inchi. Ulimi wa mfumbati upite juu na wa kitakizo chini yake, ili zisigongane. Toboa tundu la kigingi kwenye tendegu kwanza, ingiza ulimi, utie alama, kisha uutoe na kuutoboa kama milimita 1 na nusu karibu zaidi na bega lake (pale ulimi unapoanzia) kuliko alama, ili kigingi kikigongwa kiuvute ndani. Kigingi kipasuliwe kwa kufuata nyuzi za mti. Cha kukatwa kwa msumeno aghalabu huvunjikia humo ndani.

Seremala Mhamaji
Nakubaliana na Fundi kuhusu vitakizo, lakini si kuhusu mifumbati. Kigingi kinachovuta namna hiyo hakitoki kwa hiari, na siku ya kuhama kitanda kizima hakitapita mlangoni (wenye nyumba za kupanga wananielewa). Mimi ningeuacha ulimi wa mfumbati upenye tendegu, utokeze upande wa pili, kisha ufungwe kwa kabari. Nje ya tundu la kabari ibaki walau inchi 1 na nusu ya mti, la sivyo ncha itapasuka. Kabari ikilegea, igonge kidogo. Kwa upana wa futi 5, weka pia mhimili wa katikati chini ya chaga, wenye mguu wake.

Mwanagenzi wa Tanga
Nashukuru sana. Basi vitakizo nitavipiga vigingi, na mifumbati nitaifunga kwa kabari. Je, gundi itahitajika?

Fundi wa Pangani
Kwenye vitakizo ukipenda, ingawa si lazima mbao zikiwa kavu. Kwenye mifumbati, hata tone usitie.