Ushauri: nathibitishaje shamba la marehemu baba Muheza bila hati?

Mchungwa Mmoja:
Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni. Nimekwama. Marehemu baba alifyeka pori huku Muheza mwaka 1978, heka tatu na nusu, akapanda michungwa na minazi. Mwaka 1996 akamkaribisha jirani alime mihogo upande wa bondeni, kwa mdomo tu. Baba alifariki 2019. Msimu huu jirani kakata mibono ya mpakani, kapanda mikorosho, anasema kakaa zaidi ya miaka 12 kwa hiyo ni pake. Hatuna karatasi yoyote. Mama kila akipita pale analia. Nilitaka kuing'oa ile mikorosho, kaka akanishika mkono.

Bi Mkubwa Pangani:
Kaka yako kakuokoa, mwanangu. Ungeng'oa, leo ungekuwa polisi unajibu uharibifu wa mali, na mwenye shamba angeonekana huyo jirani. Piga picha visiki vya mibono kabla havijachipua au kung'olewa.

Karani Mstaafu:
Pole sana kijana. Nimekaa miaka mingi kwenye mabaraza ya ardhi, naandika niliyoyaona.

Shamba ni la marehemu. Kuwa mtoto wake hakukupi nafasi ya kushtaki. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mwende Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi. Mashauri mengi nimeyaona yakifia hapa kabla shahidi wa kwanza hajafungua mdomo.

Kukosa hati kusikutishe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaitambua haki ya kimila. Miaka 12 ya Sheria ya Ukomo, ile inayoweka muda wa mwisho wa kudai ardhi mahakamani, ipo kweli, lakini aliyeingia kwa ruhusa hageuki mwenye mali kwa kukaa sana. Tatizo lako ni kwamba bondeni aliyepo ni yeye, kwa hiyo kuthibitisha kwamba alikaribishwa ni mzigo wako. Kesi yako yote imesimama hapo.

Sasa jiulize: miaka yote hiyo alipanda nini? Mihogo tu. Huku kwetu mgeni wa shamba hapandi mti wa kudumu, maana mti ni dai. Kama kabla ya msimu huu hakuwa na hata mnazi mmoja pale, basi alikijua cheo chake. Shahidi aliseme hilo kwa kinywa chake, na umri wa michungwa ya baba utajwe.

Mgosi wa Handeni:
Mimi nilishindwa kesi ya namna hii, naomba usirudie kosa langu. Nilipeleka mashahidi wanne. Mmoja alisema mpaka ni mkwaju, mwingine mfereji, wa tatu akaitaja njia ya ng'ombe. Heri ningepeleka wawili wanaolima mpakani kabisa. Sheria haidai idadi, inapima uzito. Zunguka nao shambani kabla, kila mmoja akuonyeshe anachokikumbuka mwenyewe, usimfundishe.

Mchungwa Mmoja:
Asanteni mno. Naanzia wapi, kata au wilaya?

Karani Mstaafu:
Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Wakishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, chukua cheti chao cha kuonyesha usuluhishi umeshindikana, uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwenye maombi eleza eneo vizuri: ukubwa, kitongoji, nani yuko kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Ukiandika "shamba la bondeni" tu, utatupwa nje. Omba zuio la muda asiendelee kupanda, na omba baraza lifike shambani lijionee. Ukishindwa, rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45.

Mchungwa Mmoja:
Nimemuuliza mama usiku huu. Anasema kila mavuno yule jirani alileta vikapu viwili vya mihogo nyumbani, hadi baba alipofariki. Na siku baba alipomwonyesha eneo, alikuwepo mzee wa upande wa magharibi. Bado yu hai, ila sasa haoni vizuri.

Karani Mstaafu:
Hivyo vikapu ndiyo shukrani ya mkaribishwa. Mama yako ni shahidi namba moja. Kwa yule mzee nenda kesho asubuhi.